Maswali ya wasomaji: imeli ya kazini, shikamoo, na saa nne ya nani?

Safari hii maswali karibu yote yamehusu barua pepe za ofisini. Tumeyafupisha, na majina ya watu na ofisi tumeyaondoa.

Nimemwandikia meneja wangu mara mbili nikiomba aidhinishe ununuzi wa karatasi na wino wa printa. Hajibu. Nikikutana naye kwenye korido ananiambia "nitaiangalia". Imeli yenyewe ni hii hapa chini. Kosa liko wapi?
*Afisa ugavi msaidizi, Mwanza*

Kwanza wasomaji wengine waione. Kichwa chake ni "Habari". Ndani imeandikwa hivi:

"Habari za asubuhi bosi, natumaini u mzima na familia haijambo, mimi pia sijambo namshukuru Mungu. Dhumuni la kukuandikia ni kukujulisha kwamba kama unavyokumbuka kwenye kikao cha wiki iliyopita tuliongelea suala la vifaa vya ofisi ambalo limekuwa changamoto kwa muda sasa na idara mbalimbali zimekuwa zikilalamika, hivyo nikaona ni vyema nitafute bei ambapo nimepata wazabuni watatu na bei zao zinatofautiana, mmoja ni nafuu lakini anachelewa kuleta mzigo. Hivyo naomba mwongozo wako mapema iwezekanavyo. Nimeambatisha. Asante."

Meneja anaisoma kwenye simu, huku anaingia kikaoni. Akifika mwisho anakuta neno "mwongozo". Mwongozo wa nini? Achague mzabuni? Atie sahihi? Atafute fedha? Kiasi hakijatajwa, mzabuni unayempendekeza hakutajwa, na "mapema iwezekanavyo" kwa mtu mwenye shughuli nyingi ni wiki ijayo. Ili akujibu inabidi afungue viambatisho vitatu, alinganishe bei, kisha aamue. Kazi hiyo ilikuwa yako. Ndiyo maana anasema ataiangalia.

Iandike upya namna hii:

Kichwa: Idhini kufikia 11 Juni: karatasi na wino, sh. 1,284,000

"Habari za kazi, Mkuu.

Naomba uidhinishe ununuzi wa vifaa vifuatavyo kutoka kwa mzabuni A, jumla sh. 1,284,000, kabla ya Jumatano tarehe 11 Juni saa 6 mchana.

Karatasi A4, katoni 12 × 62,000 = 744,000
Katriji za wino, 4 × 135,000 = 540,000

Mzabuni A analeta mzigo ndani ya siku 2. Mzabuni B ni nafuu kwa sh. 94,000 lakini analeta baada ya siku 10. Stoo zimebaki rimu 10, tunatumia 2 kwa siku, kwa hiyo zitaisha Ijumaa tarehe 13. Mzabuni C ndiye ghali kuliko wote, sh. 1,345,000.

Nimeambatisha profoma tatu na dokezo la maombi. Ukiridhia, jibu 'Nimeidhinisha' nami nitaandaa hati ya ununuzi siku hiyohiyo."

Salamu imebaki, ila imekuwa mstari mmoja. Ombi limepanda hadi sentensi ya kwanza. Hesabu imo ndani ya imeli, hivyo hahitaji kufungua kitu ili aelewe. Sababu ya tarehe ipo (karatasi zinaisha Ijumaa), na tarehe yenye sababu huheshimiwa kuliko tarehe tupu. Halafu jibu umemrahisishia: neno moja, anaweza kuliandika akiwa amesimama.

Kichwa kina uzito kuliko watu wanavyodhani. Simu nyingi huonyesha herufi 30 hadi 40 hivi za mwanzo, zinazobaki hukatwa. Kwa hiyo anza na kinachotakiwa (idhini, sahihi, maoni, taarifa tu), fuatisha tarehe, kisha jambo lenyewe. Ukianza na "Rejea mazungumzo yetu ya wiki iliyopita kuhusu…" umemaliza nafasi kabla hujasema neno. Vilevile huna haja ya kuandika "YAH:" kama kwenye barua ya Tanzania, wala "KUH:" kama ya Kenya, maana kisanduku cha kichwa chenyewe ndicho kinachofanya kazi hiyo. Namba ya kumbukumbu, kama jambo lina jalada masijala, iache. Itasaidia kuitafuta imeli hiyo mwakani.

Jambo moja la kuangalia: kama taratibu za ofisi yenu zinataka sahihi kwenye dokezo, neno "Nimeidhinisha" kwenye imeli haliondoi dokezo. Linakuhakikishia tu kwamba dokezo likifika mezani halitakaa.

Nina miaka 24, mkuu wangu wa idara ni wa rika la mama yangu. Ana kwa ana namwamkia shikamoo. Kwenye imeli je? Na "Mpendwa" inafaa?
*Msomaji, Morogoro*

Shikamoo inangoja marahaba. Ni salamu ya watu wawili wanaoonana au kusikilizana, na imeli mara nyingi haina watu wawili. Ukinakili kwa wanne, na mmoja wao umemzidi umri, shikamoo hiyo ni ya nani? Kesho imeli hiyohiyo inapelekwa kwa mkaguzi wa nje au kwa mteja, nayo shikamoo yako imo njiani pamoja nayo. Ikiwa ni ujumbe wa ninyi wawili tu, na ofisini kwenu ndiyo desturi, "Shikamoo Mama" mstari mmoja haina ubaya wowote. Kwa kila imeli nyingine, "Habari za kazi" inatosha, na ina faida kwamba haichachi: "Habari za asubuhi" ikisomwa saa 12 jioni inamwambia msomaji kwamba amechelewa kuifungua imeli yako.

"Mpendwa" kwenye masikio ya Watanzania wengi ni kadi ya harusi au kanisa. Tanzania "Ndugu Mkurugenzi" inamfaa mwanamume na mwanamke. Kenya "Ndugu" huweza kusikika kama wa ukoo au wa ushirika wa maombi, kwa hiyo tumia Bw. au Bi. Kama hujui jinsia (Furaha, Zawadi, Amani na Imani ni majina ya wote), andika jina kamili au cheo, usibahatishe. Dkt., Prof. na Mha. (Mhandisi) viandikwe kwa wanaostahili, Mhe. mwachie mbunge, waziri, jaji na wenzao. Meneja wa tawi akiitwa Mheshimiwa atadhani unamtania.

Heshima zaidi imo kwenye kitenzi kuliko kwenye salamu. "Tafadhali tuma ripoti" ni amri iliyovishwa koti. Kwa aliye juu yako andika "Naomba unitumie ripoti". "Nakukumbusha" ni neno la mwalimu kwa mwanafunzi, andika "Naomba kufuatilia". "Unatakiwa" usimwandikie mkubwa hata siku moja, labda uwe unanukuu kanuni. Na mwishoni "Wasalaam" au "Ahsante", kisha jina, cheo, idara na namba ya simu. Mistari minne. Picha ya nembo kubwa na msemo wa busara chini yake vinaongeza uzito wa imeli tu.

Kama katibu muhtasi wa chama cha akiba na mikopo nilituma tangazo la mkutano mkuu kwa wanachama 180, wote nikawaweka kwenye Cc. Watu wakaanza kujibu "sawa", "nimepata", mmoja akamwaga malalamiko yake ya mkopo, yote yakafika kwa wote. Ningefanyaje?
*Msomaji, Moshi*

Sehemu ya "Kwa" ni ya anayetakiwa kutenda. Cc ni ya anayetakiwa kujua tu. Bcc ni nakala iliyofichwa: aliyewekwa humo anaipata imeli, wengine hawamwoni. Tangazo la wanachama weka anwani ya chama chenyewe kwenye "Kwa", wanachama wote kwenye Bcc. Akibonyeza "Jibu wote", jibu linarudi kwako peke yako. Ukitumia Gmail ya bure, kikomo ni wapokeaji 500 kwa imeli moja, hivyo 180 wanatosha kwa mara moja.

Kelele za "nimepata" si tatizo kubwa. Kubwa ni kwamba umewagawia watu 180 anwani za watu 180, na kwa kuwa ni wanachama wa chama cha mikopo, umetaja pia nani yumo. Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya wana yao tangu 2019. Anwani ya mtu ni taarifa yake binafsi. Mwarifuni mwenyekiti, waandikieni wanachama kwa ufupi (kwa Bcc safari hii) mkiwaomba wafute orodha ile, na yule aliyeandika habari za mkopo wake apigiwe simu.

Bcc ina mtego wake. Ukimficha bosi humo ili ashuhudie unavyobishana na mwenzako, kisha bosi akabonyeza "Jibu wote" bila kufikiri, kila mtu atajua alikuwa nyuma ya pazia. Kama unataka bosi ajue, mtumie imeli hiyo baada ya kuipeleka, kivyake.

Na ukiweka watu wawili kwenye "Kwa", taja kazi ya kila mmoja kwa jina: "Asha: hesabu za Mei. Juma: orodha ya wadaiwa." Usipofanya hivyo Asha atamngoja Juma, Juma naye amngoje Asha, na wote watakuwa na haki.

Tuliitisha kikao cha mtandaoni "saa 4 asubuhi". Mwenzetu wa Kigali aliingia saa nzima baadaye. Wa London, aliyetumia mashine ya tafsiri, aliamka saa 10 alfajiri kutusubiri.
*Mratibu wa mradi, Dar es Salaam*

Wa Kigali hakuchelewa. Kwake ilikuwa saa 4 asubuhi kweli, maana Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wako nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa moja. Kinshasa wako nyuma kwa saa mbili. Muscat wametangulia kwa saa moja. London tofauti ni saa tatu majira ya baridi na saa mbili majira ya joto. Saa zao hubadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, na ndizo wiki ambazo vikao huvurugika. Wa London mashine ilitafsiri 4 kama 4, ikasahau kwamba saa ya Kiswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza.

Andika hivi, na usione aibu kwamba ni ndefu:

"Jumanne 17 Juni, saa nne asubuhi (10:00) Dar es Salaam na Nairobi, 09:00 Kigali, Bujumbura na Goma, 11:00 Muscat, 08:00 London."

Saa ya Kiswahili iandike kwa maneno, saa ya kimataifa kwa tarakimu nne. Macho yakizoea hivyo hayachanganyi tena. Siku ya wiki na tarehe ziende pamoja, kwa sababu moja ikikosewa nyingine itafichua kosa. Epuka 05/06: Marekani hiyo ni tarehe 6 Mei. Epuka "kesho" kwenye imeli iliyotumwa saa tano usiku, kwani msomaji ataifungua kesho yenyewe na kesho yako itasogea siku moja. Halafu kuna "usiku wa Ijumaa". Kwa wengi wa pwani huo ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jua likishatua. Kwa kijana wa ofisini ni Ijumaa baada ya kazi. Zabuni inayofungwa usiku wa Ijumaa ina ugomvi ndani yake. Andika "Alhamisi 12 Juni, mwisho 23:59".

Natuma picha 12 za risiti kwa mkaguzi, imeli inagoma. Nikigawa mara mbili, ya pili inarudi.
*Mhasibu, Arusha*

Gmail inapokea viambatisho hadi MB 25 kwa imeli moja unapotuma, na mifumo mingine ina kikomo kidogo zaidi. Tena hesabu si ya faili peke yake: kiambatisho kinaposafiri hubadilishwa kuwa maandishi, na hapo huongezeka kwa takriban theluthi moja. Faili la MB 20 linakuwa karibu MB 27. Kwa hiyo jihesabie MB 18 kuwa mwisho. Picha moja ya simu inafika kirahisi MB 3 au 4, zidisha kwa 12.

Usipige picha ya kawaida. Tumia sehemu ya kuskani iliyomo kwenye Google Drive ya Android au kwenye Notes za iPhone. Inakata kingo, inanyoosha karatasi, na kuziweka kurasa zote 12 kwenye PDF moja. Chagua rangi ya kijivu. Kwenye mashine ya ofisi, dpi (nukta kwa inchi) 150 hadi 200 inasomeka vizuri. Lipe faili jina ambalo mkaguzi ataelewa bila kukuuliza: 2025-05_risiti_tawi-Arusha_kurasa-12.pdf. "Scan0003" na "mpya final 2" hazimsaidii mtu. (Risiti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, huchapwa kwa joto, na joto na mwanga ndivyo vinavyozifuta. Ziskani wiki ileile. Usingoje mwisho wa robo mwaka ukute karatasi nyeupe.)

Ukituma kiungo badala ya faili, kwanza kifungue wewe mwenyewe kwenye dirisha la faragha la kivinjari, ambako hujaingia kwa akaunti yako. Kikikuambia uombe ruhusa, mkaguzi naye ataambiwa vivyo hivyo. Na ukituma Excel, angalia kurasa zilizofichwa na safu zilizokunjwa. Mishahara ya ofisi nzima imeshavuja mara nyingi kupitia ukurasa ambao aliyetuma alisahau kwamba upo.

Desturi nzuri: ambatisha kwanza, andika pili, anwani jaza mwisho kabisa. Imeli isiyo na anwani haiwezi kuondoka kwa bahati mbaya.

Imeshaondoka. Naweza kuirudisha?
*Msomaji, Dodoma*

Kwenye Gmail una sekunde 5 tu za kuitengua, lakini nenda kwenye mipangilio ubadilishe ziwe 30. Fanya leo. Outlook ina njia ya kuirudisha imeli, ila inategemewa pale mtumaji na mpokeaji mko kwenye mfumo mmoja wa ofisi. Ikishatoka nje, imetoka. Hapo tuma nyingine upesi, kichwa kianze na "SAHIHISHO:", mwili uwe mistari miwili: kilichokosewa, na kilicho sahihi. Usieleze ulivyochoka siku hiyo.

Nimsubiri mtu siku ngapi kabla ya kumfuatilia, bila kuonekana msumbufu?
*Msomaji, Nakuru*

Siku 2 au 3 za kazi, kama hukutaja tarehe. Jibu juu ya imeli ileile ya kwanza ili historia ionekane chini, lakini rudia ombi lenyewe. Usimwambie "rejea hapo chini" ukamtuma akachimbe. Mfano: "Naomba kufuatilia idhini ya sh. 84,000 kwa matengenezo ya printa. Fundi amepangwa Alhamisi tarehe 19. Bila idhini kufikia Jumatano nitamwahirisha hadi wiki ya tarehe 23." Hakuna lawama humo, ila matokeo ya kunyamaza yameonekana.

Baada ya ufuatiliaji wa pili piga simu. Mkishaelewana, andika dakika ileile: "Kama tulivyozungumza kwa simu leo tarehe 17 Juni, umekubali…" Simu hupata jibu, imeli hulihifadhi. Tanzania Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua kumbukumbu ya kielektroniki, kwa hiyo mistari hiyo miwili huweza kukufaa kuliko unavyodhani.

Mzabuni wetu wa siku nyingi ametuma imeli kwamba amebadilisha akaunti ya benki, ankara ya safari hii ilipwe huko. Lugha ni yake, nembo ni yake.
*Mhasibu, Mombasa*

Usilipe bado. Piga namba iliyomo kwenye mkataba au faili la zamani. Iliyo kwenye imeli hiyo iache. Kisha tazama anwani yenyewe badala ya jina linaloonekana: herufi r na n zikikaa pamoja hufanana na m, na sifuri hufanana na o. Lugha kuwa yake si uthibitisho, kwani aliyeingia kwenye kikasha cha mzabuni huzisoma imeli zenu za zamani na kuiga. Mabadiliko ya akaunti yapokewe kwa barua yenye sahihi, na yathibitishwe kwa simu na mtu wa pili ofisini.

Simu yangu inageuza "sawa" kuwa neno la Kiingereza kila nikiandika imeli.
*Msomaji, Tanga*

Kwenye Gboard, yaani kibodi ya Google, fungua Mipangilio, kisha Lugha, uongeze Kiswahili (Tanzania au Kenya, vyote vipo). Bado itakosea majina ya watu, hivyo jina la mpokeaji lisome mara ya pili kabla ya kutuma.